Nani Alichinja Kuku wa Jumamosi?

Bi Mwidani, mama yangu wa redioni, shikamoo. Nakuandikia nikiwa sina usingizi wala hamu ya kula, na nakuomba kwa heshima zote unijibu kabla ya Ijumaa, kwa sababu Ijumaa ikipita sijui nitamtazama vipi jirani yangu usoni, na huenda si jirani mmoja tu, ni mtaa mzima. Majina ya watu nimeyabadilisha yote, langu pia, kwa hivyo niite Mama Fidel.

Mimi ni mke wa mtu na naishi hapa Shika Adabu, Likoni, kwa miaka mingi, kwetu ni bara lakini watoto wangu wamezaliwa hapa na Kiswahili chao kimenishinda mimi mama yao. Kanisa letu ni dogo, la mabati, ukipita njiani waweza kudhani ni ghala la simiti, na watu wenyewe hata viti hatujazi. Sasa zile mvua kubwa zilipoingia majumbani tuliona jinsi wazee wengi wa mtaa wetu wanavyokaa peke yao, watoto wao wako Uarabuni wanatafuta riziki, wengine ni wagonjwa na hawana wa kuwapikia, ndipo tukakubaliana kanisani kwamba kila Jumamosi tutapika chakula cha mchana na kukipeleka nyumba kwa nyumba, bila kumuuliza mtu dini yake, bila kuhubiri, bila hata kumwachia mtu karatasi mlangoni. Jiko nikapewa mimi. Mume wangu, nimwite Nicanor, yeye akawa mwenyekiti wa kamati ya huduma, na walai alikuwa na furaha ya mtu aliyepewa ubunge.

Tulianza na kuku na wali, tukafikiri tumefanya jambo kubwa. Wazee walikuwa wanapokea kwa adabu, wanashukuru, wanatuombea dua, halafu tukishaondoka chakula wanawapa paka, na sisi hatukujua lolote ila tuliona paka wa mtaa wetu wananenepa. Aliyeniambia ukweli ni Bi Sheikha. Huyu ni mama mtu mzima, mjane, nyumba yake inatazamana na yangu, na mtaani kwetu neno lake likisemwa watu hunyamaza. Alinikalisha barazani kwake akaniambia, "Mwanangu, sitaki uwe wajichosha bure. Kuku wenu hatuli. Si kwa ubaya wallahi, ni kwamba hatujui nani kachinja." Mama yangu, niliona haya mpaka nikataka kulia, maana hata sisi watu wa bara tunajua, ukifanya harusi au matanga na una majirani Waislamu, unamwita Mwislamu achinje ili kila mtu ale. Tulikuwa tumejisahau tu.

Bi Sheikha ndiye aliyetupa dawa. Mjukuu wake, Najib, anachinja na kuuza kuku sokoni, akamwambia awe anapita kanisani kila Jumamosi asubuhi, anatuchinjia kabla hajafungua kibanda chake. Na tukawekeana sharti, mimi na yeye na Nicanor tukiwa tumesimama hapo hapo: siku Najib asipofika, tunapika maharagwe. Jumamosi iliyofuata Bi Sheikha akatoa kiti nje, akaketi mbele ya majirani wote, akala kuku wetu hadharani, akawaambia kina mama wenzake, "Kuleni, mimi ndiye mdhamini." Tangu siku hiyo hotpoti zetu zinarudi tupu, hata siku za maharagwe, na hazirudi tupu kabisa, utakuta ndani mtu ameweka ndizi, mwingine kaimati.

Huyu Bi Sheikha naomba umjue vizuri ndiyo uelewe kwa nini silali. Nilipojifungua Fidel mama yangu alikuwa mbali na Nicanor yuko zamu bandarini, na mwanamke huyu ndiye aliyekuja na karai lake la maji ya moto akanikanda asubuhi na jioni mpaka nikasimama, akanipikia uji wa pilipili manga, hakuniuliza nasali wapi. Mtoto wangu anamwita nyanya na hajui kama kuna nyanya mwingine.

Basi Jumamosi iliyopita tulikuwa na wageni. Kanisa moja kubwa la Kiembeni walisikia habari za huduma yetu wakasema wanakuja kuona na kupiga picha, na wenyewe walikuwa wametuletea kuku tangu Ijumaa, kuku wazuri, wamefungwa miguu wamelala pale nyuma ya kanisa karibu na tangi la maji. Mimi asubuhi nilikuwa upande wa mbele nakuna nazi. Nicanor akaniletea kuku wameshanyonyolewa. Nikamuuliza, "Najib amefika?" Akaniambia, "Amefika, ameshaenda, ana haraka zake." Nikapika, wageni wakaja wakapiga picha mpaka za sufuria, tukapeleka chakula nyumba zote, na hotpoti ya Bi Sheikha niliipeleka mimi mwenyewe kwa mikono yangu hii.

Jioni natoka dukani nakutana na Najib anashuka kwenye bodaboda, nguo zina damu, amechoka. Akaniambia, "Mama Fidel, niwie radhi. Nilishikwa Mkomani na mbuzi wa harusi, nikampigia mzee Nicanor alfajiri nikamwambia leo msinitegemee. Mlipika maharagwe, sivyo?" Mama yangu, hapo hapo barabarani nikajua nimedanganywa. Na mdomo wangu, sijui ulitumwa na nani, ukasema, "Eeh, ya nazi." Kijana wa watu akacheka akasema siku nyingine nimwekee.

Nilifika nyumbani nikamkuta Nicanor anatazama mpira, nikaizima ile televisheni. Hakukataa. Alisema, "Wageni walikuwa njiani, kuku wamelala pale, ulitaka niwaonyeshe maharagwe? Na niliomba kabla sijakata. Mungu si ni mmoja?" Nikamuuliza, "Kama Mungu ni mmoja, kwa nini ulinidanganya mimi mkeo?" Hapo akakasirika. Akaniambia nikifungua mdomo nimelifunga kanisa, kwamba watu watasema tulifanya makusudi, tuliwalisha wazee wa Kiislamu nyama ambayo si halali ili tuwacheke, na kuna vijana mtaani wanangoja neno la namna hiyo tu. Halafu akasema lililonikata maini: "Na wewe pia umeshamwambia Najib ni maharagwe. Kwa hivyo tuko pamoja." Tangu siku hiyo tunaongea ya chumvi na ya ada ya shule basi, na nikivaa leso kutoka nje ananiuliza ninaenda wapi.

Nilimwendea mchungaji wetu, Mchungaji Kenga, nikamweleza yote. Alishika kichwa, halafu akasema, "Mama, tusikimbilie. Tuombe kwanza, pengine jambo hili litapoa lenyewe." Tukaomba. Halijapoa.

Maana Jumatatu Bi Sheikha alivuka mwenyewe na fimbo yake kunirudishia hotpoti, imeoshwa, imejaa visheti. Akaniambia kuku wa safari hii alipikwa akapikika. Akaniambia tena Jumamosi hii dada yake anakuja kutoka Kisauni, nimzidishie sahani moja, kwa sababu dada yake alikuwa na wasiwasi na yeye amemwambia, "Wale ni watu wa heshima, na mkono unaochinja ni wa Najib wetu, we njoo ule." Bi Mwidani, nilisema "haya mama" nikafunga mlango nikakaa chini sakafuni. Na Ijumaa baada ya swala Najib huenda kula kwa nyanya yake kila wiki, hakosi. Neno moja tu, kuku alikuwa mtamu, basi yote yako nje.

Je, nimwambie au ninyamaze? Nikinyamaza naweza kuponea na naweza kuumbuka kesho kutwa mbele ya watu. Nikisema, nimtaje mume wangu? Na hao wengine waliokula kwa neno la Bi Sheikha nitawaambia nini, na je, ikiwa watalifunga kanisa, au ikiwa huyu mama ataugua kwa kusikia kwamba nilimlisha kitu asichokila, nitaibeba vipi hiyo? Nisaidie, mama yangu, niko katikati na pande zote ni moto.

Mama Fidel, Likoni


BI MWIDANI ANAJIBU

Marahaba, Mama Fidel. Jibu hili nimekutumia kwa simu leo Jumatano, na redioni sitalisoma hadi wiki ijayo, kwa sababu majina umeyabadilisha lakini kuku hukuwabadilisha. Hakuna mtu wa Shika Adabu atakayesikia barua hii asimjue mwenyewe. Bi Sheikha hawezi kuyasikia haya kwangu kabla ya kuyasikia kwako.

Pole, mwanangu. Nimeisoma barua yako nikaitua, nikanywa maji, nikairudia. Ulidanganywa jikoni kwako na mtu unayelala naye kitanda kimoja, na chakula ulichopika kwa moyo safi kimegeuka mwiba kooni mwako. Hilo si kosa lako na mtu asikubebeshe.

Lakini lile la barabarani ni lako. Ala! Najib alikuomba radhi, amechoka, damu ya mbuzi wa watu nguoni, nawe ukamtilia na nazi juu! Ungeweza kusema sijui. Ungeweza kusema ngoja nimuulize mume wangu. Umechagua maharagwe, na sasa Nicanor ameyashika hayo maharagwe akutishie nayo. Ndivyo uongo wa woga ulivyo, wampa mwingine kamba ya kukufunga. Nakukaripia kwa hilo mara moja, kisha nimemaliza.

Wauliza kama Bi Sheikha ataugua. Mimi si shekhe na hapa sitoi fatwa, lakini kila mtoto aliyekaa chuo cha Kurani siku mbili ajua kwamba aliyekula bila kujua hana dhambi. Wako hata wanavyuoni wanaosema chakula cha watu wa Kitabu, kama nyinyi Wakristo, chaliwa, na wako wasemao hapana. Waachie wenyewe na vitabu vyao, wala usiende kwa mama wa watu na hoja hiyo mdomoni, utamtia hasira bure. Yule mama hakukuomba umfundishe dini yake. Alikwambia jambo moja, barazani kwake, kwa upole: twataka kujua nani kachinja. Mkamwahidi. Akatoa jina lake mbele ya wenzake kwa ahadi yenu hiyo. Kilicholiwa Jumamosi ni jina la Bi Sheikha, na mpaka sasa yeye mwenyewe hajui.

Na kila siku unayonyamaza laendelea kuliwa. Ameshamwita dada yake kutoka Kisauni! Waona linavyokua? Leo ni wewe na mumeo na mchungaji mnaojua. Ijumaa likitokea kwa Najib, yule mama atajua mambo mawili kwa mpigo, kwamba alilishwa, na kwamba wewe uliyemkabidhi hotpoti ulijua, ukapokea visheti vyake, ukasema haya mama. La kwanza aweza kulisamehe, mtu mzima yule, ameona mengi. La pili sijui.

Nicanor je? Mwambie nimesema hivi, na kama ataka kunijibu namba yangu anaijua. Baba, uliwapikia wazee au uliwapikia wageni wa Kiembeni? Maana wazee walikuwa radhi na maharagwe, walikula maharagwe yenu siku nyingine na wakashukuru. Aliyeona haya na maharagwe ni wewe, kwa ajili ya picha. Kisha wasema uliomba kabla ya kukata. Uliomba ukiwa umemficha mkeo na umemficha jirani; dua gani hiyo inayosomwa nyuma ya tangi la maji? Hofu yako ya kwamba watu watasema mlikusudia siidharau, nimeishi Mombasa nikazeekea hapa, najua neno baya linavyokimbia. Lakini fikiri kidogo. Watu watasema mlikusudia wakigundua mlificha. Mkienda wenyewe, kwa miguu yenu, kabla hamjaulizwa, hakuna atakayesema mlikusudia isipokuwa mtu aliyekuwa akiwatafuta tangu zamani, na huyo hata mkipika maji atasema yana kitu.

Mchungaji Kenga naye nampa heshima yake, lakini kuomba kwanza halafu kungoja lipoe, hiyo ni kazi ya mwenye kunywa uji. Aombe akitembea.

Sasa nisikilize, na ufanye nisemavyo usianze kupunguza.

Usiku huu mwambie mumeo kwamba kesho unakwenda kwa Bi Sheikha, na umwombe mwende pamoja. Mwombe mara moja, kwa sauti ya kawaida, watoto wakiwa wamelala. Akikubali, vizuri, aseme yeye mwenyewe alichofanya. Akikataa, usilie wala usibishane, nenda peke yako, na akikuuliza waenda wapi na leso yako, mwambie.

Nenda kesho baada ya swala ya alasiri, akiwa ameshatulia. Usiende na chakula wala zawadi wala mtoto mkononi. Waogopa, utataka kumbeba Fidel ili bibi amwone mtoto alainike, mwache nyumbani. Mwamkie kama siku zote, keti chini, usimsubirishe kwa habari za mvua. Sema hivi: "Mama, Jumamosi iliyopita Najib hakuja, na kuku tuliyekuletea hakuchinjwa na Mwislamu. Mimi nilijua jioni, baada ya kukuletea. Nimekuja kukwambia." Nicanor akiwa hayupo na mama akauliza nani alichinja, mtaje kwa jina, ni haki yake na ndilo jambo aliloomba tangu mwanzo. Usimpambe, usimchafue.

Kisha muulize kuhusu wenzake waliokula kwa udhamini wake. Usikimbilie kwenda kuwaambia nyumba kwa nyumba bila yeye. Walikula kwa neno lake, naye ndiye wa kusema waambiwe vipi. Akitaka mwende pamoja, mwende, hata milango yote, nawe ndiye wa kuzungumza. Akisema atawaambia peke yake, mwache. Lakini akitaka lifichwe ili kuwasitiri nyinyi, na yule waweza kumsikia akisema hivyo, mkatalie kwa adabu. Mwambie ameshawabeba vya kutosha.

Ukitoka hapo mpigie Najib, siku hiyo hiyo, asikutane na habari hii mbele ya sahani ya pilau Ijumaa. Mwambie ulimdanganya pale barabarani. Atakuwa mkali, ni kijana na ni mchinjaji, mkono wake ndio uliosingiziwa. Mvumilie.

Mchungaji naye nataka Jumapili asimame mbele ya watu wake wachache hao aseme lililotokea, asilipakae asali, na Nicanor aache uenyekiti, akae kwenye viti kama wengine mpaka wazee wenyewe wa mtaa waseme kama wanataka chakula chenu tena. Jumamosi hii pikeni maharagwe. Pikeni mengi, muyapeleke nyumba zote, na ikiwa milango fulani haitafunguliwa mwondoke bila kugonga mara ya pili, na Jumamosi nyingine mpike tena. Hakuna mnayemdai sifa. Wazee wale wana njaa ile ile ya mwanzo.

Siwezi kukuahidi kwamba atakusamehe kesho. Huenda akalia. Huenda akakwambia uondoke barazani kwake, na wewe uondoke. Lakini jitayarishe na swali moja, maana najua litakuja, ningekuwa yeye ningeuliza hilo hilo: "Mbona siku ile nilipokuja kwako hukuniambia?" Hapo usimtaje mumeo, usimtaje mchungaji, usitaje kanisa. Mwambie, "Niliogopa utaniacha." Kisha funga mdomo wako, Mama Fidel, ukae pale pale chini umngoje, hata kama atanyamaza mpaka adhana ya magharibi.